Uzi: Kona ya mfongo ilinifungulia Laozi – kuishi na falsafa ya Udao hapa Moshi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo naleta uzi kuhusu Udao, falsafa ya kale ya Kichina, jambo lililobadilisha namna ninavyofanya biashara, ninavyolea na ninavyolala usiku. Ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi, ausome baada ya chakula cha jioni.

Naishi Moshi mjini, nina duka la vifaa vya ujenzi, lakini kihamba, yaani shamba la ukoo, kiko Kibosho na kila Jumamosi nipo huko. Kihambani kwetu unapita mfongo. Kwa wasio wa huku: mfongo ni mfereji wa jadi unaochepusha maji ya mto huko juu mlimani na kuyaleta taratibu hadi kwenye migomba na kahawa. Wachagga walikuwa wakiichimba kabla mmisionari Rebmann hajauona Kilimanjaro mwaka 1848. Hakuna pampu wala injini. Kazi yote inafanywa na mteremko.

Mfongo wetu haukunyooka. Ulikuwa unakuja, unauzunguka mti mmoja mkubwa wa mruka, unarudi nyuma kidogo, unapinda tena kwenye jiwe, ndipo unaingia migombani. Mimi mtu wa saruji niliona zile kona ni hasara. Maji yanachelewa, mengine yananywewa na udongo njiani. Mwaka juzi kiangazi nikaita fundi, tukakata mstari ulionyooka kama rula, hatua sitini hivi, tukajengea bloku pande zote mbili. Siku tuliyofungulia, maji yalikuja yakikimbia. Nilifurahi mpaka nikawaita watoto waje waone.

Masika yakaingia. Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, mto ukajaa. Maji yaliyozoea kupunguza mwendo kila penye kona sasa yalipata njia nyeupe. Yalichimba chini ya bloku, ukuta ukalala, kisha yakatoka nje ya mfongo na kushuka kihambani. Migomba kumi na mmoja ilikwenda. Udongo mweusi wa juu, ule uliotengenezwa kwa samadi ya vizazi vitatu, uliishia kwa jirani na mtoni. Hadi leo nikikumbuka rangi ya yale maji, tumbo linakaza.

Baba mkubwa, ambaye ana miaka themanini na kitu, alikuja na fimbo yake akasimama pembeni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, pale kwenye kona maji yalikuwa yanapumzika. Wewe umeyanyima pumzi."

Usiku ule sikulala. Kwenye simu nilikuwa na tafsiri ya Daodejing, kitabu kikuu cha Udao, niliyotumiwa na kijana wa rafiki yangu. Nilikuwa nimeshaijaribu, nikaona ni mafumbo matupu. Nikaifungua tena, nikafika sura ya 8, inayosema wema wa juu kabisa ni kama maji: yanavinufaisha viumbe vyote bila kugombana, na yanakaa pale ambapo watu hawapataki, na kwa hiyo yako karibu na Dao. Nilikaa kitandani nikasoma mpaka adhana ya alfajiri ikasikika kutoka mjini.

Kitabu chenyewe ni kidogo: sura 81, herufi za Kichina kama 5,000. Dao maana yake ni njia, ile ambayo vitu vyote vinaifuata bila kuamrishwa. Mapokeo yanasema mwandishi wake, Laozi, alikuwa mtunza nyaraka wa ufalme wa Zhou huko China ya kale. Alipoona ufalme unaoza, akashika safari kuelekea magharibi, na mlinzi wa lango la mpakani, Yin Xi, akamsihi aache walau maandishi kabla hajapotea. Akaandika, akaondoka. Wanazuoni wengi leo wanaona ni kazi ya mikono mingi iliyokusanywa kwa muda mrefu, na vipande vya mianzi vilivyofukuliwa Guodian, jimbo la Hubei, mwaka 1993, vinaonyesha kwamba sehemu zake zilikuwa zinasomwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Mimi naipenda hadithi ya mlinzi wa lango. Asingeuliza, tusingekuwa na la kusoma.

Sasa neno lenyewe linaloleta ubishi: wu wei. Wu ni "bila", wei ni "kutenda". Ukilitafsiri haraka unapata "kutotenda", na hapo ndipo watu wanafunga kitabu wakisema huyu mzee anahubiri uvivu. Nami nilikuwa nimekifunga hapohapo.

Lakini mtazameni mtu wa mfongo. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwenye banio. Anatoa majani, anaziba tundu la fuko, anafungua kwa huyu, anafunga kwa yule, anapanda tena juu kuangalia kama kuna aliyechepusha. Jasho linamtoka. Kitu kimoja tu hafanyi: hayapandishi maji kilimani. Anajua mteremko ulipo, na nguvu zake zote anazitumia kuondoa kizuizi. Huyo ndiye mtu wa wu wei. Nilikuwa nimemwona tangu nikiwa mtoto na sikumjua.

Wachina wenyewe wana mfano mkubwa wa namna hii, na niliposoma habari zake niliona kama nasoma habari za Kibosho. Katika jimbo la Sichuan kuna Mto Min, uliokuwa unafurika kila mwaka theluji ya milimani inapoyeyuka. Karibu mwaka 256 kabla ya Kristo, gavana aitwaye Li Bing alianza kazi ya kuutuliza, mahali panapoitwa Dujiangyan. Hakuuzuia mto kwa bwawa. Alijenga tuta katikati ya maji, ncha yake kama mdomo wa samaki, likaugawa mto mara mbili: mkono wa ndani unakwenda mashambani, wa nje unabeba mafuriko. Tuta walilijenga kwa vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe, vitu vinavyopitisha maji na kuinama kidogo pasipo kuvunjika. Kanuni yao ya matengenezo ni herufi sita tu: mkondo uchimbeni kina, tuta liacheni fupi. Mimi nilifanya kinyume chake, mkondo mfupi na kuta ndefu. Mradi ule umepita miaka 2,200 na bado unamwagilia uwanda wa Chengdu. Ukuta wangu haukumaliza masika moja.

(Sisemi Li Bing alikuwa mfuasi wa Laozi. Lakini mlima Qingcheng, mmoja wa milima mitakatifu ya Udao, uko jirani kabisa, na UNESCO iliviandika vyote viwili pamoja kwenye urithi wa dunia mwaka 2000.)

Basi nikaanza kujiuliza ni wapi pengine maishani mwangu nimejenga bloku.

Pa kwanza palikuwa nyumbani. Binti yangu alikuwa kidato cha nne. Kila jioni nikitoka dukani nilikuwa na maswali: umesoma nini, fizikia umefika wapi, mbona daftari hili halijaandikwa. Nilishaamua atachukua PCB (fizikia, kemia na biolojia). Mtoto akawa anakula haraka ili aondoke mezani. Sasa sura ya 60 inasema kuongoza nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Mpishi yeyote wa huku anajua perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu: ukimgeuzageuza kikaangoni anabomoka, unaishia kula miba. Nikaacha kumgeuza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuuliza, naomba niaminiwe. Nilikaa mezani na gazeti, nikanyamaza, wiki ya kwanza, ya pili. Wiki ya tatu akaja mwenyewe na daftari, na halikuwa la fizikia, lilikuwa la historia. Akanieleza habari za Vita vya Majimaji kwa nusu saa, macho yanawaka. Mteremko wake ulikuwa huko siku zote. Leo anasoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na nyumba imetulia.

Pa pili ni jambo zito kidogo. Mimi na kaka yangu hatukuwa tunasalimiana kwa miaka sita, kisa mpaka wa kihamba, upana wa hatua mbili. Nilikuwa na karatasi, mashahidi, na haki naamini ilikuwa kwangu. Tulishafika baraza la kata. Sura ya 78 inasema hakuna kitu laini na dhaifu kuliko maji, lakini katika kushinda kigumu hakuna kinachoyazidi; kila mtu analijua hili na hakuna anayeweza kulitenda. Lile neno la mwisho lilinichoma. Wachagga tunalo jani la sale. Ndilo tunalopanda mipakani, na ndilo hilohilo tunalopeleka tukiomba msamaha, na aliyeletewa sale ni vigumu sana kulikataa. Kwa hiyo pale penye ugomvi wetu, kwenye mpaka wenyewe, dawa ilikuwa imeota nasi tunagombana juu yake. Nilichuma jani moja, nikalifunga fundo, nikaenda kwa kaka Jumapili jioni. Sikusema habari ya mpaka. Nilimwambia, "Kaka, nimechoka kuwa mgumu." Alilipokea. Alilia kabla yangu. Hatua mbili zile sijui sasa ni za nani, tumepanda maparachichi.

Karibuni kwa maswali na mjadala.

*

Mdau wa Sanya Juu ameandika:
"Mkuu, uzi mzuri lakini kuwa makini. Hii si dini ya sanamu? Sisi ni watu wa Kanisa, tusije tukachanganya mambo."

Nashukuru, swali la haki. Mimi ni Mkatoliki na jana nilikuwa misani. Udao una pande mbili. Kuna vitabu vya fikra, hasa Daodejing na Zhuangzi, na kuna dini yenye mapadri, mahekalu na ibada, ambayo mwanzo wake hutajwa mwaka 142 baada ya Kristo, Zhang Daoling alipoanzisha jumuiya yake huko Sichuan. Dini hiyo ipo, ina waumini wake na nawaheshimu. Mimi nimechota kwenye vitabu vya fikra, kama nilivyochota methali za Waswahili wa pwani bila kuhamia pwani.

*

Mdau wa Unga Limited, Arusha, ameandika:
"Nitasema ukweli. Hii ni falsafa ya walioshiba. Una duka, una kihamba, unaambiwa tiririka kama maji unatiririka. Mimi nina kodi ya nyumba, ada ya watoto wawili, na marejesho ya mkopo wa kausha damu kila Ijumaa. Nikikaa kungoja mteremko wanakuja kuchukua godoro. Mnatuletea maneno ya kuwatuliza maskini wakae kimya."

Mkuu, nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kujibu, na nakubali nusu yake. Yapo mafundisho ya utulivu yanayotumiwa kumfunga mtu mdomo, na anayemwambia mwenye njaa "tulia" anamkosea.

Ila sikiliza Laozi mwenyewe alivyosema. Sura ya 75: watu wana njaa kwa sababu walio juu yao wanakula kodi nyingi mno. Hakuzunguka. Sura ya 77 anasema njia ya mbingu ni kama kuvuta upinde, palipo juu panashushwa na palipo chini panainuliwa. Inapunguza penye ziada na kuongeza penye upungufu. Njia ya wanadamu haiko hivyo, inawanyang'anya wasionacho na kuwapa wenye ziada. Ukitafuta maelezo mafupi ya kausha damu ndiyo hayo, na yana zaidi ya miaka 2,000.

Na Zhuangzi, mwalimu wa pili wa Udao, alikuwa fukara hasa. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwa bwana mmoja mkubwa kukopa nafaka. Yule bwana akajibu, vizuri sana, nikishakusanya kodi za eneo langu nitakukopesha vipande 300 vya dhahabu. Zhuangzi akakunja uso akamwambia: jana njiani nilisikia sauti ikiniita, kutazama, ni samaki amenasa kwenye alama ya gurudumu la mkokoteni. Akaniomba kata moja ya maji aishi. Nikamwambia vyema, nakwenda kusini kwa wafalme, nitawasihi wauelekeze Mto wa Magharibi uje kukuchukua. Samaki akakasirika akasema, nahitaji kata moja tu, wewe unaniambia haya? Basi kanitafute kwenye duka la samaki wakavu.

Kwa hiyo sikuambii uwe kama mto, mkuu. Nakuuliza kata moja ya maji iko wapi. Mimi nilishawahi kuwa na madeni. Nilifungua duka la pili Majengo kwa mkopo kwa sababu jirani alifungua, nikawa nalipa mkopo kwa mkopo. Sura ya 44 inasema ajuaye kiasi haaibiki, ajuaye pa kusimama haangamii. Nilifunga duka lile, nikauza mabati kwa hasara, nikaingia kikoba cha watu kumi na wawili tunaojuana tangu shule ya msingi. Riba ya kikoba inarudi kwetu wenyewe mwisho wa mwaka. Haikuwa raha, watu walisema nimefilisika. Kama uko tayari, anza na hilo moja: usichukue mkopo mpya kulipa wa Ijumaa, tafuta kwanza watu wako kumi. Kama hawapo, niandikie pembeni, tuzungumze.

*

Mdau wa Unga Limited:
"Hapo kwenye samaki umenigusa. Nimekuandikia."

*

Mdau, dereva wa kifodi (daladala), Ngaramtoni:
"Mimi sijasoma hicho kitabu lakini naona mnaongea habari ya kazi yangu. Naendesha barabara ya Ngaramtoni hadi Kilombero ya hapa Arusha mwaka wa kumi na tatu. Nilipoanza nilikuwa nakimbizana na kila gari kituoni, kanyaga, breki, kanyaga, breki. Pedi za breki zilikuwa haziishi miezi miwili, klachi ndiyo usiseme, na jioni hesabu ya tajiri ikitoka mimi nabaki na maumivu ya mgongo. Sasa naisoma barabara. Nikiona taa za breki za gari la tatu mbele nimeshainua mguu. Nikiona mama amenyanyua ndoo kichwani najua anakuja kwangu, nimeshasogea. Hesabu ni ileile, wakati mwingine inazidi. Pedi zinakaa mpaka fundi ananiuliza kama gari linatembea kweli. Abiria wanalala."

Kaka, umeandika sura nzima ya Zhuangzi bila kuisoma. Sikiliza. Kulikuwa na mpishi aitwaye Ding akimchinjia bwana wake ng'ombe na kumkatakata. Kisu kilikuwa kinapita kwa mdundo kama ngoma, na bwana akashangaa ustadi ule. Mpishi akaweka kisu chini akamweleza: nilipoanza kazi nilikuwa namwona ng'ombe mzima. Baada ya miaka mitatu sikumwona tena mzima. Sasa naufuata mpangilio wake wa asili, nafasi zilizo kati ya viungo. Sigusi mshipa, sembuse mfupa. Mpishi mzuri anabadili kisu kila mwaka kwa sababu anakata. Mpishi wa kawaida kila mwezi, kwa sababu anakatakata kwa nguvu. Changu kina miaka 19, kimepita ng'ombe maelfu, na makali yake ni kama kimetoka kwenye kinoo leo.

Sehemu ninayoipenda ni inayofuata, ambayo watu huiruka. Ding anasema akifika mahali pagumu, viungo vilipobanana, anaogopa. Anapunguza mwendo, anakaza macho, kisu anakisogeza kidogo sana. Yaani ustadi haukumwondolea tahadhari. Nadhani ndivyo unavyofanya pale Sakina jioni magari yakibanana.

*

Dereva wa kifodi:
"Pale Sakina jioni hata redio nazima."

*

Mdau, mwongoza wageni mlimani, Marangu:
"Naongezea. Sisi 'pole pole' tunawaambia wageni wanafikiri ni salamu. Ni uhai wao. Kilele ni mita 5,895. Kijana mwenye misuli anatoka getini anakimbia, anafika kambi ya Mandara wa kwanza, anafurahi. Horombo kichwa kinamuuma. Kibo anatapika, tunamshusha usiku. Bibi wa miaka sitini na tano anayetembea kama anakwenda sokoni, anapumua, anakunywa maji, anakaa siku ya ziada Horombo mwili uzoee, huyo anapiga picha juu. Mlima hauna mashindano na mtu, na hauwezi kusukumwa. Hata wagumu wanaobeba mizigo, mkiwaangalia vizuri, wanapita haraka lakini hawahemi, hatua zao ni za kiasi kimoja tangu asubuhi."

Mkuu, hilo la hatua za kiasi kimoja nalichukua. Sura ya 24 inasema asimamaye kwa ncha za vidole hasimami imara, na apanuaye hatua hafiki mbali. Umeifafanua kuliko maelezo yote niliyosoma.

*

Mdau wa Same:
"Sisi Wapare tuna ndiva. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Swali langu: sasa kuna vijana wanaleta pampu za sola. Laozi wako anasema tuzikatae?"

Kwenye Zhuangzi kuna hadithi ya mzee anayemwagilia bustani kwa mtungi, anashuka kisimani na kupanda. Zigong, mwanafunzi wa Confucius, akamwambia kuna mtambo wa mti unaochota maji, ungemwagilia vitalu mia kwa siku. Mzee akajibu kwamba anaujua, ila alifundishwa hivi: penye mitambo pana mambo ya mitambo, na penye mambo ya mitambo unaota moyo wa mtambo kifuani.

Mimi siwezi kuwa mkali kama yeye. Mama anayebeba ndoo kilomita mbili apewe pampu leo, na mwenye kumpa abarikiwe. Ila ule moyo naujua. Nina makundi ya simu ishirini na mawili, ya ukoo, ya jumuiya, ya wafanyabiashara, ya harusi za watu nisiowajua, na kuna kipindi nilikuwa naamka saa nane usiku kuangalia kama nimejibiwa. Hapo simu ilikuwa imeniweka zamu mimi. Sasa inalala sebuleni. Jiulizeni pampu ikija, kamati ya ndiva itakutana tena? Kama watu wataacha kukutana, kuna kitu kimepotea ambacho maji hayakirudishi.

*

Mdau, bila kutaja mahali:
"Mimi namuuguza mama yangu. Kiharusi, tangu Januari. Nimesoma uzi wote. Mambo ya maji ni mazuri, lakini kuna mambo hayatiririki. Yamesimama tu. Huyo Laozi anasema nini?"

Dada yangu, pole sana. Sitajifanya nina jibu.

Nitakwambia tu alichofanya Zhuangzi, kisha uchukue au uache. Mkewe alipofariki, rafiki yake Huizi alikwenda kumpa pole akamkuta amekaa chini, anapiga beseni kama ngoma na kuimba. Huizi akakasirika: ameishi nawe, amekulelea watoto, na hata hulii? Zhuangzi akamjibu, alipokufa, unadhani mimi sikuumia kama wengine? Ndipo akaeleza jinsi alivyoanza kuona kuzaliwa na kufa vinafuatana kama majira ya mwaka. Kwa muda mrefu niliichukia hadithi hii, niliona ni ukatili. Siku hizi nasimama kwenye yale maneno ya kwanza: sikuumia kama wengine? Aliumia. Kitabu kimeyaacha pale, hakikuyafuta.

*

Mdau, bila kutaja mahali:
"Asante. Umenisaidia kwa kutonihubiria. Niseme jambo moja. Miezi ya mwanzo nilikuwa namlazimisha aseme maneno. Mama sema 'maji'. Mama sema jina langu. Alikuwa analia, nami nalia. Aliyekuwa anatufundisha mazoezi ya viungo akaniambia mwache mkono ulegee kwanza, mkono uliokaza haufundishiki. Nikaacha kumlazimisha. Nikawa namwimbia nyimbo za kwaya yake ya zamani nikimsugua mkono. Wiki iliyopita kwenye ubeti wa pili aliimba nami. Maneno mawili. Hajui kusema 'maji' bado lakini anaimba."

*

Dada, nimekusoma hapa dukani mbele ya wateja na nimeshindwa kuendelea na hesabu. Sura ya 76 inasema mtu akiwa hai ni laini na mnyumbufu, akifa hukakamaa. Miti nayo ni hivyohivyo. Huyo aliyewafundisha mazoezi aliijua kwa mikono. Mwimbie. Ukiweza, tuambie ni wimbo gani, sisi wa huku tutauimba Jumapili.

*

Mdau wa Himo:
"Mkuu hujamalizia. Mfongo uliubomoa au uliujenga upya? Na mtu aanzie wapi kusoma?"

Kusoma: anza na sura za 8, 11, 44, 60, 76 na 78. Ni fupi, kila moja inaenea kwenye ukurasa mmoja. Ukiona sura ya 1 ngumu, iruke, utairudia ukiwa tayari. Zhuangzi anza na mpishi Ding.

Mfongo: bloku tuliziondoa mwezi wa saba, mimi na kaka, siku nne. Baba mkubwa alikaa kwenye kigoda akatuonyesha kwa fimbo kona ya zamani ilipokuwa. Hatukuichimba yote. Tulikwangua tu kidogo, akasema acheni, maji yatamalizia. Tulipanda majani ya kushika udongo kwenye kingo. Vuli ilipokuja yalifika kwenye mruka, yakazunguka, yakakaa kidogo pale, kuna kidimbwi sasa na vyura wamerudi. Kitu ambacho sikutegemea ni kwamba jirani wa chini, aliyepokea udongo wetu ule, alileta mikokoteni miwili ya samadi akasema ndiyo riba yake.

Naishia hapa kwa leo. Kesho ni zamu yetu ya maji, kaka ananipitia saa kumi na nusu, na jembe langu bado liko kwake.